Kifaa cha Linux cha Mkononi Kinaganda na Kujiwasha Ovyo: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Lamu

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Mkomani, Langoni, Shela na ng'ambo ya Mokowe wenye vifaa vidogo vinavyotumia Linux: vifaa vya michezo vya Steam Deck, Anbernic na Miyoo, simu za PinePhone, na vile vya kujiundia kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi (kwa mkato Pi) ambavyo baadhi ya manahodha wanasomea ramani za bahari kwa programu ya OpenCPN. Vifaa ni tofauti, lalamiko ni moja: kinaganda, kinazima, kinajiwasha, kinaganda tena. Majibu yamefuata jinsi kifaa kinavyochunguzwa kwenye meza yangu ya ufundi, ya bure na ya bei nafuu yakitangulia. Amri zilizomo ni za kuandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kama zilivyo.

Kuganda na kujiwasha upya si tatizo moja?

Si moja, na hapa ndipo wengi wanapopotea njia. Kifaa kilichoganda bado kina umeme ndani. Kilichosimama ni kazi. Kifaa kilichojizima ghafla na kurudi na nembo yake kimekatikiwa umeme, au mfumo wenyewe umeamua kujiwasha. Dawa ya kimoja haimfai mwenziwe.

Kikiganda, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Ngoja dakika mbili na utege sikio. Muziki ukiendelea huku picha imesimama, mashaka yako yaelekee upande wa picha. Sauti ikikwama na kurudia kipande kile kile kifupi bila kukoma, mfumo mzima umeshikwa. Kama ulishawasha SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao), jaribu kuingia kwa simu nyingine iliyo kwenye Wi-Fi ile ile. Kikikujibu, keneli (kiini cha mfumo wa Linux) iko hai na kilichokufa ni programu ya juu yake. Kiwashe upya kwa utaratibu na `sudo systemctl reboot`. Kisipojibu hata `ping` (amri ya kukiita mtandaoni), keneli yenyewe imekwama, na sababu huwa ni kadi ya microSD, RAM (kumbukumbu ya kazi ya muda), joto au draiva ya picha (programu inayoendesha upande wa picha).

Kujiwasha nako kuna sura zake. Umeme ukikatika, skrini inakuwa nyeusi papo hapo, bila onyo, hata katikati ya neno. Keneli ikikutana na kosa isiloweza kulivuka, inasimama, na mifumo mingi imepangwa ijiwashe baada ya sekunde chache. Halafu kuna mlinzi, watchdog kwa jina lake: saa ndogo ndani ya chipu ambayo mfumo lazima uiguse kila baada ya muda. Isipoguswa, inakiwasha kifaa kwa nguvu. Kwa hiyo kikiganda kwanza, ukahesabu sekunde kadhaa, kisha kikajiwasha bila wewe kukigusa, mshukiwa ni huyo mlinzi, na ujue amefanya kazi yake tu. Swali linabaki: nini kiliugandisha mfumo?

Nianzie wapi kuchunguza?

Kwenye umeme. Wengi wanaonijia wameshafuta kila kitu na kuweka mfumo upya, mara mbili pengine, na kebo ni ile ile iliyokunjika shingo.

Soma maandishi madogo kwenye chaja. Steam Deck inakuja na chaja ya wati 45, yaani volti 15 kwa ampea 3. Ukiichaji kwa chaja ya simu ya zamani, itakubali shingo upande na betri itaendelea kushuka huku unacheza. Raspberry Pi 4 inataka volti 5.1 kwa ampea 3, na Pi 5 inataka ampea 5 kwa volti hizo hizo. Hizi ndizo zinazoteswa zaidi, kwa sababu zinakubali kuwaka hata kwa umeme dhaifu, kisha zinaanguka pale kazi inapozidi. Ziulize zenyewe:

`vcgencmd get_throttled`

Jibu likiwa `0x0`, umeme ni mzima. Likiwa `0x50000`, tangu kuwashwa kumetokea upungufu wa umeme na chipu ikapunguza mwendo. Likiwa `0x50005`, upungufu uko hata sasa unaposoma. Kizingiti chake ni kama volti 4.63, chini ya hapo alama ya radi inajitokeza pembeni ya skrini. Watu wanaiona alama ile kwa miezi na kuidhania pambo.

Vifaa vidogo vya michezo vina kasoro nyingine. Vingi vina tundu la USB-C lakini ndani havikuwekewa vipingamizi vinavyoiambia chaja itoe umeme. Ukitumia kebo yenye USB-C pande zote mbili, hakipokei kitu. Tafuta kebo ya kizamani, ile yenye USB-A pana upande wa chaja, na chaja ya volti 5 ya kawaida. Hilo likikosekana, betri inakauka taratibu huku mwenyewe akiamini kwamba kifaa kilikesha kwenye chaji.

Kwa nini kifaa changu kinajiwasha kila nikiwa kwenye boti, na nyumbani ni kizima?

Nahodha mmoja alilieleza vizuri kuliko mimi: "Fundi, mashine ikishaguruma tu, hicho kinazima."

Betri ya boti ni ya volti 12. Ukipiga stata, mota ya kuanzishia inavuta ampea nyingi mno, na kwa sekunde moja au mbili volti zinaporomoka. Adapta ya bei rahisi iliyochomekwa hapo haiwezi kuhimili mporomoko huo, kwa hiyo pato lake la volti 5 nalo linashuka. Pi haina betri ya kuivusha. Inazima na kuanza upya. Ikitokea wakati ilikuwa ikiandika kwenye kadi, kadi nayo inaumia, na safari ya pili haiwaki kabisa.

Dawa ni kukipa kifaa umeme wake. Betri ndogo ya pembeni isiyohusika na stata ndiyo njia bora. Pawabenki nayo inafaa, ila ijaribu kwanza nchi kavu: chomeka chaja yake, chomoa, chomeka tena huku kifaa kimewaka. Pawabenki nyingi hukata umeme kwa kitambo kidogo zinapobadilisha kutoka kupokea hadi kutoa, na kitambo hicho kinatosha kuizima Pi. Ikipita mtihani huo, nenda nayo baharini.

Na anzisha mashine kwanza, kisha uwashe kifaa. Haigharimu kitu.

Stima ikikatika na kurudi, inaweza kukidhuru?

Inaweza. Umeme ukirudi kwa kishindo, chaja ndiyo inayopigwa kwanza, na chaja iliyopigwa inaweza kuendelea kutoa umeme mchafu bila kuonyesha dalili nje. Ikiwa kuganda kulianza baada ya usiku wa stima kwenda na kurudi, azima chaja ya jirani kabla ya kufungua kifaa. Stima ikikatika, chomoa. Subiri itulie ndipo uchomeke. Wenye sola wana unafuu hapa, mradi inveta yao iwe ya kuaminika.

Betri inasema asilimia 40, halafu kifaa kinazima. Kwa nini?

Kwa sababu asilimia ni makisio. Betri ya lithiamu iliyojaa ina volti 4.2 kwa seli, na wastani wake ni 3.7. Ikizeeka, ukinzani wa ndani unapanda. Kifaa kikitulia, volti zinaonekana nzuri. Ukifungua mchezo mzito, chipu inavuta kwa nguvu, volti zinazama ghafla, na mzunguko wa ulinzi unakata. Ukikiwasha tena kinaonyesha 38, na mtu anaapa kwamba betri ni nzima.

Angalia uzee wake kwa `upower -d`. Linganisha `energy-full` na `energy-full-design`: ya kwanza ni uwezo wa leo, ya pili ni uwezo ilipotoka kiwandani. Steam Deck ya skrini ya LCD ilitoka na betri ya saa-wati 40, na ya OLED iliyotoka mwaka 2023 ina 50. Ukikuta imebaki nusu, umeshapata jibu. Kwenye vifaa visivyo na `upower`, soma volti moja kwa moja:

`cat /sys/class/power_supply/*/voltage_now`

Namba inakuja kwa maikrovolti, kwa hiyo 3700000 ni volti 3.7. Isome kifaa kikiwa kimetulia, kisha isome tena kikiwa kazini. Kushuka kidogo ni kawaida. Zikiporomoka kuelekea volti 3.3 au chini yake papo hapo, tafuta betri nyingine.

Kama mgongo wa kifaa umeanza kuinuka, skrini imeachana na fremu, au kifaa hakilali sawa juu ya meza, acha kukitumia na acha kukichaji. Betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, na usimpe mtoto akakitumia "kidogo tu".

Kifaa kinaganda ninapofungua mchezo au picha, kisha kinaendelea. Ni nini?

Kadi. Hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linalotuletea kazi nyingi kuliko yote.

Vifaa vingi vidogo huuzwa na kadi ya microSD isiyo na jina, na mfumo mzima umekaa juu yake. Kadi hizo hufa mapema. Nyingine ni za uongo tangu siku ya kwanza: imeandikwa GB 128 juu, ndani kuna GB 16, na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Ukiandika zaidi ya kilichopo, data mpya inakanyaga ya zamani au inapotea, na mfumo unapokwenda kusoma faili yake unakuta takataka.

Dalili zinafuatana. Kwanza kifaa kinasita kwa sekunde chache ukifungua kitu. Baadaye kinaganda dakika nzima. Baadaye mipangilio uliyohifadhi jana leo haipo. Mwisho mfumo unajifunga usiandike kabisa, na kwenye ujumbe unaona `Remounting filesystem read-only`. Linux imefanya hivyo kwa kukuhurumia: imeona kosa kwenye kadi na imekataa kuharibu zaidi.

Uliza keneli imeona nini:

`dmesg -T | grep -iE "mmc|I/O error|EXT4"`

Ukiona `mmc0` pamoja na `error -110`, kadi imeitwa na haikujibu kwa wakati. Ukiona `error -84`, kadi imejibu lakini data imefika imevurugika njiani. Tofauti hiyo ina faida, kwa sababu -84 mara nyingi ni mguso mchafu, na kwa hewa yetu ya chumvi mguso mchafu ni jambo la kila wiki. Zima kifaa, toa kadi, iinamishe kwenye mwanga. Vile vidole vya dhahabu vikiwa na ukungu mweupe au madoa ya kahawia, visugue polepole kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, rudisha. Kosa likipotea kwa siku kadhaa, umeokoa pesa yako. Likirudi, badilisha kadi.

Kuipima kadi unayoishuku ni ya uongo, tumia programu ya f3 kwenye kompyuta ya Linux. Toa kwanza vitu vyako vyote, kisha:

`f3write /media/kadi`
`f3read /media/kadi`

Weka njia halisi ya kadi yako badala ya `/media/kadi`. Ya kwanza inaijaza, ya pili inasoma kilichojazwa. Mstari wa `Data LOST` ukiwa na namba kubwa kuliko sifuri, kadi si ya kuaminiwa, hata muuzaji akuapie. Kadi kubwa inachukua saa nyingi, iache usiku.

Ukinunua nyingine, nunua ya jina linalojulikana na kwa muuzaji anayekubali irudishwe, kisha ipime kwa f3 siku hiyo hiyo kabla ya kuweka kitu. Pakiti imefungwa vizuri si hoja.

Kadi imeanza kufa na ndani mna picha zangu. Nifanyeje?

Acha kuitumia sasa hivi. Usikimbize `fsck`, amri ya kukarabati mfumo wa faili, kwanza, kwa sababu inaandika, na kuandika juu ya kadi inayokufa ni kuimaliza. Toa nakala nzima kwa `ddrescue`, ambayo inachukua sehemu nzima kwanza na kurudia zile mbovu mwishoni. Kisha ukarabati fanya juu ya nakala, kadi yenyewe iweke kando.

Joto la huku linaweza kukigandisha kifaa?

Linaweza, hasa kaskazi inapoelekea ukingoni na hewa imesimama. Valve, watengenezaji wa Steam Deck, wanasema ifanye kazi penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Chipu yake ikifika nyuzi 100 inapunguza mwendo, na ikifika 105 inazima kifaa. Raspberry Pi inaanza kujipunguza kwenye 80. Ukikaa barazani adhuhuri na kifaa mapajani, kava ya ngozi ikiwa imeziba matundu, hizo namba hazipo mbali.

`cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp`

Ukisoma 72000, ni nyuzi 72. Iache terminali wazi kwenye SSH, rudia amri hiyo wakati unacheza, uone namba inakofikia kabla kifaa hakijaganda. Ikiwa kinaganda kwenye 55, joto halina hatia, tafuta kwingine.

Ikiwa ni joto, vua kava, inua kifaa kisilale juu ya godoro wala mkeka, na sikiliza feni. Feni ya Steam Deck iliyokaa pwani mwaka mzima ukiifungua utakuta nyuzi za nguo, mchanga mwembamba na vumbi la chokaa la kuta zetu vimeshikana kama kilemba kwenye mapezi ya kupozea. Safisha kwa brashi laini huku umeizuia feni isizunguke. Pasti ya joto iliyokauka ibadilishwe na mtu anayeijua kazi.

Usikiweke kwenye friji. Kikitoka huko, mvuke wa hewa yetu unageuka maji juu ya bodi.

Chumvi inaingiaje ndani ya kifaa kilichofungwa?

Kupitia tundu la chaja, tundu la kadi, spika na pengo la vitufe. Si lazima kirushiwe maji. Kukaa dirishani upande wa bahari kunatosha. Chumvi inavuta unyevu wa hewa, unyevu unakuwa njia ya umeme, na pale penye volti shaba inaanza kuliwa.

Mulika tundu la USB-C kwa tochi. Ulimi wa katikati una pini ndogo ndogo. Zilizo nzima zinang'aa njano. Zilizoliwa zina weusi au kijani, na pini za umeme ndizo zinazotangulia. Kifaa cha namna hii kinachaji ukishika kebo upande mmoja na kuacha ukiigeuza, na kila kikiacha na kurudi kinaweza kuganda. Zima kifaa, chovya mswaki laini kwenye isopropili ya asilimia 90 au zaidi, sugua bila kukandamiza, acha kikauke kabisa. Usitumie sindano wala pini ya shungi. Pini zikishapungua unene, tundu zima libadilishwe, na hiyo ni kazi ya kulehemu.

Mchanga nao una fitina yake. Punje moja ikikwama chini ya kitufe cha kuwashia, kifaa kinaona umekishikilia, na baada ya sekunde 10 hivi kinajizima kwa nguvu. Mwenye kifaa anasema kinajiwasha ovyo, kumbe kinatii. Kitufe kisiporudi kwa mlio mkavu ukikibonyeza, anza hapo.

Nitajuaje mfumo ulikuwa unafanya nini kabla ya kuzima?

Kama kifaa chako kinatumia systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), kuna daftari:

`journalctl -b -1 -e`

Hii inaonyesha mwisho wa safari iliyopita, yaani kabla ya kujiwasha huku. Ikikuambia hakuna safari iliyopita, daftari linaandikwa kwenye RAM na linafutika kila kinapozima. Lifanye lidumu:

`sudo mkdir -p /var/log/journal`
`sudo systemctl restart systemd-journald`

Kisha subiri kiharibike tena. Najua inaudhi kusubiri, ila bila daftari tunabahatisha.

Ukilipata, soma mistari ya mwisho. Daftari likikatika ghafla katikati ya mambo ya kawaida bila neno la kuaga, umeme ulikatika. Rudi kwenye chaja na betri. `Out of memory: Killed process` ni RAM imejaa na keneli ikaua programu. `critical temperature reached` inajieleza. `amdgpu` pamoja na `ring gfx` na `timeout` kwenye Steam Deck ni upande wa picha umekwama, na mara nyingi ni mchezo mmoja tu unaosababisha. `Kernel panic` mara nyingi haipati nafasi ya kuandikwa kwenye diski. Tazama `/sys/fs/pstore`, pengine keneli iliacha barua huko.

Tarehe zikikuchanganya usishangae. Vifaa vingi vidogo, Pi 4 ikiwemo, havina saa yenye betri yake, kwa hiyo kabla havijapata intaneti vinaandika saa ya kizamani. Fuata mpangilio wa mistari, usifuate saa. Na vile vya Miyoo na jamaa zake havina systemd. Huko utapata `dmesg` tu, tena kabla hujakizima.

RAM ndogo inaweza kukigandisha kifaa?

Ndiyo. Anbernic RG35XX H ina GB 1, na PinePhone ina 2 au 3 kulingana na toleo. Ukifungua kivinjari chenye kurasa nyingi, mfumo unaanza kuhamisha vitu kwenda kwenye kadi ya polepole na kila kitu kinasimama. Andika `free -h`. Safu ya `available` ikikaribia sifuri, ndiyo sababu. Washa zram, ambayo inabana data ndani ya RAM yenyewe, na funga usichokitumia.

Tatizo lilianza baada ya kusasisha. Naweza kurudi nyuma?

Kwenye Steam Deck unaweza. SteamOS inatunza nakala mbili za mfumo. Zima kifaa, shikilia kitufe cha nukta tatu pamoja na cha kuwashia, na utapewa nafasi ya kuchagua toleo la nyuma. Kabla ya hapo ondoa programu-jalizi za Decky Loader, zinagombana na matoleo mapya kila mara. Na kama ulipunguza volti za chipu kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya kifaa) ili upate betri zaidi, zirudishe zilivyokuwa. Marekebisho yaliyopita salama kwenye mchezo mmoja yanaweza kuganda kwenye mwingine.

Vifaa vingine, weka toleo la zamani kwenye kadi nyingine, ile ya sasa usiiguse.

Nikiflashi upya, yaani kuweka mfumo upya, kitapona?

Kama programu ndiyo mbovu, ndiyo. Lakini kuflashi kunafuta daftari, na tatizo likirudi baada ya wiki unakuwa huna pa kuanzia.

Badala yake fanya jaribio lisiloharibu: chukua kadi nyingine unayoiamini, weka mfumo safi juu yake, washa kifaa nayo. PinePhone inatafuta microSD kwanza kabla ya hifadhi ya ndani, kwa hiyo hugusi chochote cha zamani. Vifaa vya Anbernic vyenye matundu mawili ya kadi, mfumo uko TF1 na michezo TF2. Badilisha TF1 tu. Kikitulia siku kadhaa, kosa lilikuwa kwenye kadi au mfumo wa zamani. Kikiganda vile vile, umejua ni bodi, betri au umeme.

Kimeanguka baharini. Nikizike kwenye mchele?

Hapana. Mchele hautoi chumvi, na unga wake unaingia kwenye matundu. Maji ya bahari yanapitisha umeme, na betri ikiwa bado imeunganishwa bodi inaliwa kila dakika. Zima. Usichaji, usijaribu "kuona kama kinawaka". Fungua, chomoa betri, suuza bodi kwa maji yaliyokenekwa (distilled), yale ya betri za gari yasiyo na asidi, kisha kwa isopropili, na ukaushe mbele ya feni siku nzima au mbili. Hujui kufungua? Kilete siku hiyo hiyo. Betri iliyolowa maji ya chumvi usiirudishe hata kama inaonekana nzima.

Nije na nini nikikileta?

Chaja na kebo unayoitumia kila siku, si ile nzuri ya mwenzio. Kadi zote. Neno la siri. Na maelezo: kinaganda ukifanya nini, kikiwa kwenye chaja au nje ya chaja, kilianza lini. Picha ya skrini ikiwa imeganda inasaidia. Wa Faza, Kizingitini na Kiunga, msitume kifaa chenye betri iliyovimba kwenye boti ya abiria. Nitumieni picha kwanza.

Ni lini nikubali kwamba bodi imekufa?

Ukiwa umekipa umeme wa uhakika, betri nzima, kadi iliyopita f3, mfumo safi, kiko baridi, na bado kinaganda. Hapo pima RAM. Kwenye Steam Deck washa Memtest86+ kutoka flashi ya USB: zima, shikilia kitufe cha kupunguza sauti pamoja na cha kuwashia, chagua flashi. Kwenye vifaa vya ARM tumia `sudo memtester 500M 3`, ukipunguza 500M kama RAM ni ndogo. Kosa likionekana hata mara moja, chipu ya RAM au miguu yake ya risasi ina kasoro, na kwa vifaa vya bei ya chini matengenezo yanazidi bei ya kipya. Nitakwambia hivyo wazi.

Data yako haifi na bodi. Kadi inatoka kwa ukucha. SSD ya Steam Deck ni M.2 ya ukubwa wa 2230; inafunguliwa kwa bisibisi na kusomwa kwenye kompyuta yoyote yenye Linux kwa kasha la USB la bei nafuu. PinePhone isiyomaliza kuwaka, weka programu ya Jumpdrive kwenye microSD, iunganishe na kompyuta kwa kebo, na hifadhi yake ya ndani itajitokeza kama flashi. Nakili, kisha mengine tutazungumza bei.